Mwaka wa Mpira wa Maji

Mwaka jana tulimzika Melkiori katika kibanja chake upande wa Kanoni, hapa Karagwe, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kijana wake mkubwa alisimama kusoma wasifu wa marehemu, akausoma vizuri, bila kukimbia, mpaka akafika mahali pasemapo kwamba katika ujana wake marehemu aliichezea timu ya taifa ya kwao Burundi mchezo wa mpira wa maji. Vijana waliokaa chini ya turubai wakatazamana. Nyuma yangu msichana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mpira wa maji si ule wa kumwagilia bustani?" Mwenzake akafikiri kidogo, akasema, "Labda alikuwa zimamoto." Nikabana midomo, maana msibani mtu mzima hacheki, lakini mabega yakaanza kutikisika, na mama aliyekaa kando yangu akanishika mkono akidhani nimezidiwa na kilio. Hakukosea sana. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, kwa kuwa makosa ya yule msichana ndiyo makosa tuliyoyafanya sisi, neno kwa neno, mwaka ule Melkiori alipofika kwetu, na makosa yale nusura yamkoseshe mke.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Vita vya Kagera vilishakwisha, lakini sabuni na sukari zilikuwa bado hazijapata habari hiyo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nafundisha ushonaji katika kituo kidogo cha akina mama, juu ya kilima, kwenye njia ya kwenda Chonyonyo. Wazazi wangu na ukoo wetu nitawaacha wapumzike. Hawana mkono katika habari hii. Chumba changu cha kushonea kilipakana na jiko, na ukuta uliotutenga haukufika kwenye paa, kwa hiyo moshi wa jikoni ulikuwa moshi wangu, na maneno ya jikoni yalikuwa maneno yangu. Siombi radhi kwa hilo. Nimezaliwa na sikio refu, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita polisi. Usilolijua ni usiku wa giza, nami tangu utotoni nimekuwa mtu wa kutembea na taa.

Jiko lilikuwa la Ma Koleta, mjane wa miaka thelathini na kitu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya pili ya kwaya. Sufuria zake zilikaa juu ya mawe matatu kana kwamba zimeota hapo. Alimenya ndizi bila kuzitazama, huku akikutazama wewe, na maganda yalianguka yenyewe kwenye ungo. Mchana tulikula ndizi zilizopikwa na maharage, siku ya bahati kukiwa na samli, na mwezi wa senene, wale panzi watamu wa kwetu, hakuna aliyekumbuka maharage. Hapo jikoni ndipo wafanyakazi wote walipokula, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, na hapo ndipo kila mgeni alipopimwa, maana Ma Koleta hakumwamini mtu kabla hajamwona anavyokula.

Mwaka ule kituo kilipewa mipira ya kumwagilia bustani, ya kijani, mirefu, ambayo ilivuja kabla hata hatujaifungua vizuri. Mwalimu Eunike, mkuu wa kituo, alikuwa mwanamke wa Kilutheri asiyependa kitu kikae bure. Asubuhi moja wakapita watu wanaotafuta kibarua cha kuchuma kahawa, Wanyarwanda na Warundi waliokuwa wameishi kwetu miaka mingi, na wengine wageni. Mwalimu Eunike akatoka barazani akawauliza, "Nani kati yenu anaujua mpira wa maji?" Wote wakatazama chini. Ndipo akatokea nyuma mtu mmoja mpana wa mabega, shati limefungwa kwa vifungo viwili visivyofanana, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi, mama. Nimeuchezea hata taifa." Sasa, kwa Kiswahili chetu, kuchezea kitu ni pia kukishikashika mpaka ukijue au ukiharibu. Mwalimu Eunike alisikia kwamba mtu huyu ameshikashika mipira ya maji ya serikali nzima ya Burundi. "Basi umepata kazi," akamwambia. Melkiori, kama alivyotueleza baadaye, alistaajabu mno. Alidhani hatimaye amefika katika nchi yenye akili, ambako mtu anaajiriwa kwa mchezo wake.

Walipompa mipira ile ya kijani inayovuja aliikunjua yote chini. Aliitazama kwa muda, akaenda kutafuta tairi la ndani la baiskeli, akalikata vipande, akafunga kila tundu. Ilivuja, lakini kwa adabu. Wiki ya pili au ya tatu hivi, tukiwa tunakula, mimi kwa udadisi wangu nikamwuliza:

"Kaka Melkiori, serikali ya kwenu ilikuwa na mipira mingi?"

"Mmoja tu," akajibu. "Ukipasuka, tunangoja mwingine utoke Ulaya."

"Mmoja! Ulikuwa na urefu gani?"

Akaacha kutafuna. "Urefu? Dada Adelina, ni duara."

"Umekunjwa?"

"Umejazwa upepo."

Ma Koleta akaweka mwiko chini. "Upepo au maji?"

"Maji yako nje," akasema Melkiori. "Sisi tuko ndani ya maji, upepo uko ndani ya mpira."

Benchi zima likaangua kicheko, na mlinzi wa kituo akapaliwa na maharage. Melkiori naye akacheka, kwa kuwa ndipo alipoelewa kwa nini aliajiriwa. Lakini mimi sikucheka muda mrefu. Niliona amesema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwao, na nikataka kuijua njia hiyo yote.

Kuanzia hapo kila alasiri, Ma Koleta akimenya ndizi za jioni, nilileta kitambaa changu jikoni nikawa nashona huku nauliza. Hivyo nikaipata historia ya timu ile kwa vipande. Ilianzishwa na padri mmoja wa Kizungu aliyechoka kuona vijana wanacheza kandanda kwenye vumbi ilhali ziwa liko hapo. Ziwani mamba walikuwa wengi kuliko wachezaji, kwa hiyo wakaomba bwawa la kuogelea la klabu ya wakubwa, nao wakaruhusiwa kuingia siku ya mwisho kabla ya maji kubadilishwa, yakiwa yameshakuwa mazito. Wachezaji ni saba, akatuambia, na katika nchi nzima walipatikana saba, hakuna wa akiba. Mmoja akiugua malaria, timu ya taifa inaugua malaria. Mpira unadakwa kwa mkono mmoja. Mwenye ruhusa ya mikono miwili ni mlinda lango peke yake. Na sheria kubwa kuliko zote, mchezaji haruhusiwi kukanyaga chini. "Sasa unasimama wapi?" nikamwuliza. Akachukua miiko miwili ya Ma Koleta, akaizungusha ndani ya ndoo, mmoja huku na mmoja kule, kama anakoroga uji. "Miguu inafanya hivi. Maji yenyewe yanakushika." Ma Koleta akamnyang'anya miiko yake, lakini niliona hakuipangusa upesi kama kawaida.

Mechi yao na taifa jingine ilikuwa moja tu. Walifua chupi za kuogelea, wakaimba wimbo wa taifa wakiwa wamelowa, wakangoja. Lori la wageni likaharibika njiani. Mwamuzi, mtu wa kanuni, akasema lazima mchezo uanze, basi wakaingia majini saba peke yao, filimbi ikapulizwa, wakapiga pasi tatu, wakatia goli mahali pasipo mlinzi. Wakatangazwa washindi. "Ndiyo timu pekee ya taifa ninayoijua ambayo haijawahi kufungwa," alisema Melkiori, wala hakutabasamu. Kisha ukaja mwaka ambao hakupenda kuutaja kwa namba. Watu waliitwa majina yao, wakapandishwa malori, na malori yale hayakuharibika njiani. Wenzake sita hakumwona tena hata mmoja. Ma Koleta alikuwa ameshika ndizi iliyomenywa nusu, akabaki nayo mkononi mpaka ikawa nyeusi.

Nimejaribu kuhakikisha, isije ikasemwa mimi ni wa kumeza kila ninacholishwa. Miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa Karagwe, nilimwuliza kila Mrundi niliyekutana naye kama anaujua mpira wa maji. Wengi walinitazama kwa huruma. Mzee mmoja mwenye heshima zake alinishika mkono akanipeleka taratibu hadi kwenye bomba la maji ya wakimbizi, akanionyesha mpira uliochomekwa pale, akaniambia, "Ni huu, binti. Pole sana." Mpaka leo sijapata kitabu wala mtu wa kuniambia ndiyo au siyo. Ninachokijua ni kile nilichokiona kwa macho yangu, nacho ndicho ninachokuja kukieleza.

Mapenzi ya Melkiori na Ma Koleta hayakuanza. Siku moja tuliona tu yapo. Sahani ya Melkiori ikawa inafunikwa. Kuni zikawa zinapasuliwa kabla hazijaombwa. Wala hawakuwa watoto, kwa hiyo hawakujificha, na kabla ya mvua za masika Melkiori akasema anataka kwenda kujitambulisha kwa Ta Selestini, kaka mkubwa wa Ma Koleta, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti juu yake tangu baba yao afe. Ta Selestini alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kahawa nyingi na maneno machache. Kitu kimoja tu kilimtoa katika utulivu wake, nacho ni uongo. Alishawahi kumrudisha jogoo kwa aliyemwuzia kwa sababu aliambiwa anawika mapema, naye akawika saa moja. Hakuna aliyeogopa umaskini wa Melkiori wala utaifa wake. Kwetu nusu ya majirani walikuwa na shangazi ng'ambo ya mto. Tuliogopa ule mpira.

Tuliogopa kwa haki. Ta Selestini alikuja mwenyewe kituoni siku ya Alhamisi. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kahawa za kutafuna, nikarudi chumbani kwangu, nikakaa chini ya ule ukuta usiofika juu. Cherehani niliizungusha bila uzi.

"Watu wanacheka sokoni," nilimsikia akisema. "Wanasema shemeji yangu mtarajiwa ni kiboko, anacheza mpira ziwani. Nami nimefikiri. Aliyesimama juu ya maji ni mmoja tu, tena hakuwa Mrundi. Melkiori, mimi sina ugomvi na wewe. Unafanya kazi, hulewi. Sema tu kwamba ulikuwa unatania, nami nitasema ndiyo, alikuwa anatania, na tutapanga siku."

Nikasikia Ma Koleta akivuta kigoda. "Si umesikia?" akamwambia Melkiori. "Ni neno moja. Sema ulitania, tuyamalize."

"Koleta, naweza kusema nilikuwa mwizi. Hilo nitalisema kwa ajili yako hata mbele ya kanisa." Sauti yake ilikuwa chini sana, nikalazimika kuacha kabisa ile cherehani. "Lakini wale sita hawana kaburi. Hawana picha. Wamebaki katika maneno yangu tu. Nikisema nilitania, nitakuwa nimewafuta, na aliyewafuta mara ya kwanza atakuwa amepata msaidizi."

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema Ta Selestini, si kwa ukali. "Sitaki dada yangu aikanyage. Basi nionyeshe. Lambo lile la ng'ombe lina maji. Jumapili baada ya ibada nionyeshe mtu anavyocheza mahali ambapo miguu haifiki. Usipoweza, uondoke kwa amani, utafute kahawa za kuchuma kwingine."

Siku zile tatu Ma Koleta aliunguza maharage mara mbili. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta mpira. Ule wa watoto, wa majani makavu ya migomba, niliujaribu kwenye pipa ukanywa maji ukazama kama jiwe. Mwishowe nikachukua kibuyu kikavu, cha duara, nikakiziba mdomo kwa nta na kukivika kitambaa cha khanga nilichokishona kwa mkono. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona gauni la mtu. Sijui kwa nini nilitaka jambo lile liwe kweli kiasi kile. Nadhani nilikuwa nimechoka na dunia yenye vitu vinavyojulikana tu.

Jumapili ile ibada ilikuwa fupi, hata mchungaji alikuwa na haraka. Watu wakashuka kuelekea lamboni wakiwa na nguo zao za kanisani, viatu mkononi. Sisi ni watu wa vilima. Maji kwetu ni ya kuchota. Katika umati wote ule sidhani kama walikuwepo wawili wanaojua kuogelea. Melkiori akavua shati, akaingia, akaogelea hadi katikati kichwa kikiwa juu, kisha akageuka kututazama. Halafu akasimama. Nasema akasimama kwa kuwa sina neno jingine. Mikono yote miwili aliinua juu, na kifua chake kikatoka majini mpaka mbavuni, akabaki hivyo, ametulia, kama mtu aliyekaa dirishani. "Dada Adelina!" akaita. Nikarusha kibuyu kwa nguvu zangu zote. Kilienda kombo. Akapanda, wallahi akapanda, mpaka nikaona kitovu chake, akakidaka kwa mkono mmoja, akanirudishia kwa mkono uleule, kikanipiga kifuani.

Nilipiga vigelegele peke yangu. Wengine walikuwa wanatazamana kwa mashaka, kisha mama mmoja akasema kwa sauti neno ambalo wote walikuwa nalo mdomoni: "Kumbe lambo halina kina!"

Ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamemwona mtu amesimama katikati ya maji, basi akili zikawaambia chini yake kuna ardhi. Watu wakaanza kucheka, wengine wakawasikitikia ng'ombe wao kwa kunywa maji machache namna ile. Ta Selestini hakucheka. Uso wake ulikuwa na huzuni, nadhani alikuwa ameanza kutumaini. "Amenichezea mimi," akasema. Akakunja suruali yake ya ibada hadi magotini, mara mbili, kwa uangalifu, akaingia majini kwenda kumwonyesha kila mtu mahali Melkiori alipokanyaga.

"Mzee, rudi!" Melkiori akapiga kelele. Ta Selestini akaendelea, kidole mbele. Palipokanyagwa na ng'ombe maji yalimfika magotini, kisha mapajani, na hapo akatugeukia afungue mdomo kusema. Hakusema. Kofia yake ikabaki juu ya maji peke yake.

Ma Koleta alilia kwa Kinyambo neno ambalo sitaliandika. Melkiori alikuja akikata maji, kichwa juu, macho hayajaiacha ile kofia, akaingiza mkono mmoja chini na kumwinua mzee wa watu kwa kola ya shati, huku mkono mwingine ukipiga maji. Akamleta hadi kwenye nyasi za ukingoni, nasi tukamvuta. Tukamlaza ubavu. Alitapika maji, akatapika kahawa za asubuhi, akakohoa mpaka tukadhani hatanyamaza. Alipopata pumzi hakuomba Mungu wala hakuuliza kofia. Alimshika Melkiori kifundo cha mguu, akamtazama unyayo, uliokuwa safi, bila chembe ya tope la chini.

"Ulikuwa umesimama juu ya nini?"

"Sikusimama, mzee," akasema Melkiori. "Nilikuwa nacheza."

Posa ilipangwa baada ya mavuno ya kahawa. Ukumbi ulikuwa uwanja wa Ta Selestini, umetandazwa nyasi, na mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, imepangwa kivulini. Kwa desturi, upande wa mume hukaa huku na upande wa mke hukaa kule, wakitazamana, na mwanamume haji kuposa peke yake kama aliyekuja kuomba moto. Melkiori alikuja peke yake. Alikuwa na koti la kuazima na mbuzi wawili, akakaa kwenye mkeka mpana uliowekwa kwa ajili ya watu wake, na mkeka ule ukaonekana mkubwa kuliko kiwanja cha shule. Upande wa pili tulikuwa tumejazana hadi ukutani. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Ma Koleta alikuwa ndani kama inavyotakiwa, lakini niliona pazia la mlango linatikisika.

Ta Selestini akasafisha koo. "Mlikuwa saba," akasema.

"Saba, mzee."

"Wataje hao wengine."

Melkiori akawataja, polepole, na nafasi ya kila mmoja majini: huyu kushoto, huyu kulia, huyu mbele ya goli. Kila alipotaja jina, Ta Selestini alimwonyesha kidole mtu mmoja wa upande wetu, binamu yake, jirani yake, mlinzi wa kituo, na mtu huyo, bila kuambiwa zaidi, alinyanyuka akavuka uwanja akakaa kwenye ule mkeka. Watano wakavuka hivyo. Likabaki jina la mwisho, la mlinda lango, na kidole cha Ta Selestini hakikumwonyesha mtu.

"Mlinda lango hukaa wapi?" akauliza.

"Nyuma ya wote," akasema Melkiori.

Ta Selestini akamwachia baba yake mdogo kazi ya kumsemea bibi harusi, akachukua kigoda chake, akavuka uwanja mbele ya ukoo wake wote, akaenda kukaa nyuma ya Melkiori na wale watano.